Umeliona Tangazo Hili?

Kwanza, wanangu, kabla hamjatoka kwenda kuhoji watu, vueni hivyo vitambulisho shingoni. Vitieni mfukoni, mtavitoa mkiombwa. Najua ofisi imewaambia mvivae, na ofisi ina sababu zake, lakini ofisi haijawahi kubisha mlango wa mtu Eastlands asubuhi ya siku ya kazi. Mtu anayening'iniza kadi shingoni huku ameshika kitu cha kuandikia ni mmoja wa watu watatu: askari wa kanjo, yaani wa jiji, mkata stima, au dalali aliyefuata makochi. Hakuna anayewafungulia hao. Mimi niliwahi kubisha mlango, mama mzima akanijibu kutoka ndani, "Mwenye nyumba hayuko!" Nikamuuliza, "Na wewe unayejibu ni nani?" Akasema, "Mimi ni redio."

Nimestaafu sasa, niko Donholm kwa binti yangu Salma, nalea wajukuu na maua ya kwenye ndoo. Lakini nilizaliwa Kaloleni. Baba alikuwa fundi wa reli, mama akichoma vitumbua. Na kazi yangu, tangu nikiwa msichana wa kuvaa viatu vya kuazima, ilikuwa kuwauliza watu maswali. Watu wa vyuo walitaka kujua: habari za serikali zinawafikia wananchi kwa njia gani? Wanamwamini nani? Vijana wanasema nini juu ya maendeleo na siasa? Wenyewe waliuita utafiti wa mawasiliano. Mama yangu aliuita umbea wa mshahara.

Aliyenifunza kazi alikuwa Mzee Gathogo, mtu wa Murang'a, mrefu, mwenye koti moja zito ambalo hakulivua hata jua lipasue lami. Yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wetu wa kikundi. Wiki yangu ya kwanza tulipelekwa Mukuru kwa Njenga na swali lililoandikwa mjini kwa Kiswahili safi: "Je, wewe hushiriki katika siasa?" Nikaliuliza kutwa nzima. Kila mtu alisema hapana. Mama mmoja aliyekuwa anaosha sufuria aliniangalia kama nimemtusi. "Siasa? Mimi, dada yangu, sina ugomvi na mtu."

Jioni nikamwambia Mzee Gathogo kwamba watu wa Mukuru hawana habari na siasa kabisa. Hakunibishia. Kesho yake akanipeleka pale pale, mpaka kwenye foleni ya maji, akamwamkua yule mama, akamuuliza, "Mara ya mwisho maji yalipopotea hapa, mlifanya nini?"

Ee! Ilikuwa kama kufungua mfereji. Walikwenda kwa chifu. Chifu akawazungusha. Wakapanga mitungi barabarani, lori zikasimama. Wakachagua wanawake wenye ulimi wakaonane na mheshimiwa. Mheshimiwa akajificha, wakamkuta kanisani. Maji yakarudi.

"Na hiyo haikuwa siasa?" Mzee akauliza.

"Siasa wapi!" mama akasema, mkono kiunoni. "Hiyo ilikuwa ni maji."

Tuliporudi njiani, Mzee Gathogo alicheka mpaka akafungua kifungo kimoja cha koti, jambo lililokuwa nadra. Akaniambia, "Zuhura, usimuulize mtu anafikiri nini. Muulize mara ya mwisho alifanya nini. Mawazo yake yatakuja yenyewe nyuma, kama mbuzi." Hilo nawapa bure. Mimi nililipata kwa viatu.

Na kila mtaa una mwendo wake. Mukuru asubuhi watu wanatembea kwenda viwandani, hawasimami, kwa hivyo nawe unatembea nao, unauliza ukihema, na swali la mwisho unaliuliza mbele ya geti la kiwanda. Donholm utaongea na jicho moja kwenye kitundu cha geti, na mbwa atajibu maswali mengine. Kaloleni utapewa kiti. Hapo jihadhari. Ukishakaa umekuwa mgeni, chai itakuja, na utaulizwa wewe: wa nani, umeolewa na nani, mbona umekonda. Niliwahi kutoka nyumba moja jua linazama nikiwa nimehoji mtu mmoja na kupatanisha mashemeji wawili.

Msidhani nasema zamani kulikuwa bora. Zamani tulikuwa na kinasa sauti cha kanda, kizito kama tofali. Mwenzangu mmoja alirekodi mazungumzo ya vijana kibandani kwa mama wa mandazi, akakiweka kinasa sauti mahali palipokuwa wazi, kando ya karai. Ofisini wasomi wakakaa kusikiliza sauti ya vijana juu ya mustakabali wa taifa. Wakasikia mafuta. Mafuta upande wa kwanza, mafuta upande wa pili, na mara moja, kwa mbali, mtu akisema, "Geuza hiyo, inaungua." Leo simu yako inanasa hata mtu akimeza mate. Shukuruni.

Lakini kisa ninachotaka kuwaachia ni cha Ratna.

Ratna alikuja miaka yangu ya mwisho kazini. Alikuwa Mwindonesia, mwanamke mdogo wa umbo, mwenye hijabu za rangi za matunda: leo embe, kesho zambarau. Kwao alikuwa amefanya utafiti juu ya vijana wa mitaa ya mjini: miradi ya maendeleo inapoletwa, wao wanaambiwaje, na wakitaka kujibu wanajibu wapi? Sasa alitaka kuuliza hayo hayo huku Eastlands, ayaweke pamoja aone. Mimi nilipewa kazi ya kuwa mdomo na masikio yake. Kiswahili alikuwa amejifunza kidogo, na hicho kidogo alikitumia chote kila siku.

Mtaa wenyewe sitautaja, maana mpaka leo wanabishana. Si mbali na Kaloleni. Una ukumbi wa zamani wa mabati mekundu, na kando ya ukumbi kiwanja cha vumbi ambapo wasichana walicheza netiboli jioni. Nahodha wao alikuwa Akinyi, msusi wa nywele pale kona, msichana mwenye mabega mapana na sauti ya kuitia watu ng'ambo ya reli. Mkabala na kibanda chake alikuwepo kinyozi, Ibrahim, ambaye mtaa mzima ulimwita Ibu.

Na hapo ndipo kichekesho kilipoanzia, kwa sababu Ratna, kwa heshima za kwao, aliniita Ibu. Kwa lugha yao ibu ni mama. Siku ya kwanza akasimama barabarani akaita, "Ibu! Ibu Zuhura!" Kinyozi akatoka mbio na mashine mkononi, mteja wake amenyolewa nusu.

"Niaje, madam? Nani ananiita?"

"Hakuiti wewe," nikamwambia, "ananiita mimi."

"Mathe, tangu lini wewe ni Ibrahim?"

Kuanzia siku hiyo vijana wakaniita Ibu Mkubwa, na yeye akawa Ibu Mdogo, na hakulipenda hata kidogo.

Tukawakusanya vijana ukumbini kwa mazungumzo. Ratna akauliza maswali yake, mimi nikayageuza. Kimya. Mmoja anaangalia simu, mwingine dari. Akinyi anachezea kucha. Kimya cha vijana mnakijua: si kwamba hawana la kusema, wanapima kama wewe unafaa kuambiwa. Nikaona Ratna anatokwa jasho kwenye hijabu yake ya rangi ya papai.

Ndipo Ibu Mdogo akasema, "Sista, si utuambie kwanza kwenu. Vijana wa kwenu wanaongea na serikali aje?"

Ratna akaweka karatasi zake chini. Akasema kwao mtaani kuna mikutano, wazee wanakaa mbele, wanashauriana mpaka wakubaliane, ni jambo la fahari. "Na vijana wana kazi mbili kubwa," akasema kwa Kiswahili chake. "Kupanga viti. Na kuondoa viti."

Ukumbi ulipasuka. Akinyi alipiga goti lake. "Wacha! Sisi tunapanga hema pia!"

"Na kuleta chai," Ratna akasema.

"Sisi hatuletewi chai, tunaletewa tisheti za kampeni!"

Basi kikawa kikao. Ratna akaandika ubaoni vile wanavyomwita mbunge kwao: *wakil rakyat*. Nikawaambia vijana waangalie vizuri, hayo maneno ni ndugu wa yetu, wakili na raia. Ibu Mdogo akainua mkono kama mwanafunzi. "Kwa hivyo mbunge ni wakili wa raia? Sasa mbona mimi kila nikienda kumwona najiona mshtakiwa?" Ratna alicheka mpaka akalia, kisha akaandika. Vijana wake kwao, alisema, walimwambia jambo hilo hilo kwa maneno mengine. Walilisemea wapi? Kwenye vibanda vya kahawa, na kwenye simu zao. Kila mahali isipokuwa kwenye mkutano.

Siku chache baadaye mimi na yeye tulikwenda ofisi ya wadi kusalimu, kama desturi inavyotaka. Msimamizi wa wadi alikuwa Bwana Mutiso, mtu mpole, mwenye uchovu wa mtu anayelaumiwa na wa juu na wa chini. Tukiwa tunamngoja, Ratna akasoma ubao wa matangazo, maana alikuwa mtu wa kusoma kila kitu, hata pakiti ya majani chai. Akanivuta mkono.

Kulikuwa na tangazo la mkutano wa hadhara. Wananchi wanaalikwa kutoa maoni juu ya ukarabati wa kiwanja kando ya ukumbi. Mchoro ulikuwa umebandikwa: ukumbi, miti mipya, na pale kwenye netiboli, visanduku vidogo vidogo vimepangwa safu. Maegesho ya magari. Mkutano ulikuwa wiki inayofuata, asubuhi, siku ya kazi. Tangazo lilikuwa kwa Kiingereza, nyuma ya mlango ambao ukifunguliwa unalifunika.

Tulimsalimu Bwana Mutiso, tukatoka. Jioni tukapita kiwanjani. Wasichana walikuwa wanacheza, vumbi limepanda, Akinyi anapiga kelele, "Pasi! Pasi, we, huo si mkate!" Nikamwambia Ratna, "Mimi nakwenda kumwambia."

Akanishika. Macho yake yalikuwa mekundu, si kwa vumbi tu. "Ibu, sisi ni watafiti. Tulitoa ahadi. Hatuingilii. Wakisema tunachochea watu, kibali kinaondoka, na kazi yote inakwisha."

Alikuwa na haki. Ningemwambia nini? Kibali kilikuwa chake, na mwaka mzima wa maisha yake. Mzee Gathogo naye, Mungu amrehemu, angesema yayo hayo: mgeni hula kilichopikwa, haonji chumvi. Nilikwenda nyumbani nikagombana na vyombo.

Asubuhi Ratna alinikuta kituoni amechangamka, hijabu ya rangi ya chungwa. Alikuwa na nakala za lile tangazo. Alikwenda ofisi ya wadi peke yake mapema, akaomba kwa adabu, akapewa. Akasema, "Ibu, utafiti wangu unahusu nini?"

"Jinsi habari za maendeleo zinavyowafikia vijana."

"Basi kuna swali moja nimesahau kuwauliza." Akanionyesha, ameliandika kwa mkono mwisho wa hojaji: *Umeliona tangazo hili?*

Nilimwangalia. Yeye akaangalia mbali, mdomo ukicheza. "Swali si uchochezi," akasema. "Ni swali tu."

Wanangu, katika maisha yangu ya kazi sijawahi kuuliza swali kwa raha namna ile. Tulianza kwa Ibu Mdogo.

"Umeliona tangazo hili?"

"La. Ni la nini? Hebu lete." Akasoma midomo ikienda. "Maegesho? Magari ya nani?"

"Mimi naandika tu 'la'," nikasema. "Swali limekwisha, asante sana."

"Ngoja kwanza, Ibu Mkubwa! Hii ni lini?"

"Imeandikwa hapo."

Tukaenda kwa Akinyi. Alikuwa anamsuka mteja. Alisoma, akarudisha karatasi, akaendelea kusuka kwa nguvu mpaka yule mteja akalia, "Taratibu, hicho ni kichwa!" Nilipogeuka kuondoka akaniuliza kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Hivi walijua sisi tunacheza pale?" Kwenye hojaji hakukuwa na nafasi ya jibu.

Tuliwauliza wauza mboga, makonda, mafundi viatu, wasichana wa saluni, mwenye duka Bwana Swaleh. La, la, la, hebu nione. Tulifanya kazi ya haki kabisa, kila jibu liliandikwa. Tatizo ni kwamba siku ya tatu majibu yalianza kubadilika. Unamuuliza mtu, "Umeliona tangazo hili?" anakujibu, "Nani hajaliona?"

Siku ya mkutano Bwana Mutiso alifika na faili lake na watu wake wawili, amejiandaa kwa wazee wale wale wanaokuja kila mara. Akafungua mlango wa ukumbi, akaufunga, akaufungua tena. Ndani mlikuwa mmejaa watu mpaka madirishani. Kinyozi alikuwa amefunga duka. Wasichana walikuja na sketi za netiboli. Mteja mmoja wa Akinyi alikaa mbele, upande mmoja wa kichwa umesukwa na mwingine umesimama.

Bwana Mutiso akamvuta Ratna pembeni. Mimi nilikuwa karibu, nasikiliza.

"Madam, niambie ukweli. Nani amewaita watu hawa?"

Ratna akainamisha kichwa kwa adabu zote za kwao. "Tangazo lako, bwana."

Mzee wa watu alimwangalia kwa muda mrefu. Nikaona kibali kinapaa. Kisha shavu moja likatikisika, na jingine. "Tangazo langu," akasema. "Miaka yote nabandika, leo limefanya kazi." Akaingia ndani.

Akinyi alisimama wa kwanza. "Bwana Mutiso, naitwa Akinyi. Nasuka pale kona. Hata shemeji yako nimemsuka." Watu wakacheka, naye akapata pumzi. "Kwa mchoro wenu naona magari mengi. Mtaa huu una magari mangapi?"

"Mawili!" Ibu Mdogo akapaza sauti kutoka dirishani. "Na moja kuku wanatagia ndani!"

"Sasa wasichana wanaocheza pale, simameni." Wakasimama, safu baada ya safu, wengine wadogo wa shule, wengine na watoto mgongoni. Hakuongeza neno. Akaketi.

Msidhani ilikuwa kazi ya makofi tu. Bwana Swaleh alisimama akasema lori la unga likija dukani kwake linaziba njia, mgonjwa hawezi kupitishwa, na hilo nalo ni kweli. Wakabishana. Wakapigiana kelele. Mama mmoja akasema nyuma ya ukumbi kuna jaa la takataka ambalo hakuna anayelipenda. Lori si lingesimama pale? Bwana Mutiso akatoka na watu wote nyuma yake, wakaenda kulitazama jaa, wameziba pua, wanapima kwa hatua. Pale pale akachukua kalamu akavifuta vile visanduku vya magari kwenye mchoro.

Na alitimiza. Ilichukua muda, lakini saruji ilimwagwa kiwanjani, milingoti ya netiboli ikasimikwa. Mistari walipaka njano badala ya nyeupe. Hatukulalamika. Siku ya ufunguzi Ratna alilazimishwa kucheza kama mlinzi wa goli. Alifungwa kila mpira uliokuja, akashangilia yote.

Kwenye kitabu chake alieleza wazi kwamba swali lake lilibadilisha kile alichokuwa anakipima. Wasomi wengine walimkosoa, na yeye akakubali kukosolewa. Lakini vijana hawa, aliandika, hawakuwa wameichoka serikali, walikuwa hawajaambiwa.

Kisha akafanya jambo ambalo sikuwahi kuliona. Miaka yote mimi nilibeba majibu ya watu nikayapeleka mjini, na hayakurudi. Ratna aliporudi safari nyingine, alikuja moja kwa moja ukumbini na kitabu, akaita watu, akaanza kuwasomea maneno yao wenyewe kwa Kiswahili ambacho sasa kilikuwa kimenyooka. Majina alikuwa ameyaficha, kama sheria ya kazi inavyotaka. Akasoma, "Kinyozi mmoja wa mtaa huu alisema kwamba..." na ukumbi mzima ukageuka kumtazama Ibu Mdogo. "Sio mimi!" akaruka. "Vinyozi ni wengi!" Walicheka mpaka mtu akaanguka na benchi.

Akaendelea. "Kijana mmoja wa kiume, asiye na kazi ya kudumu, alisema: 'Mimi huulizwa maswali nikiwa nimesimamishwa na polisi. Hii ni mara ya kwanza kuulizwa nikiwa nimekaa.'"

Kicheko kikakatika. Nilimkumbuka yule kijana. Nilimhoji mimi mwenyewe, kwenye ngazi za ukumbi, na alijibu akitazama viatu vyake. Nyuma kabisa, karibu na mlango, akasimama. Kofia alikuwa ameivua.

"Hiyo ni yangu," akasema. "Mimi ndiye niliyesema hivyo."

Watu wote walimgeukia. Mama yake alikuwa safu ya tatu, akafunika mdomo kwa leso.

"Soma tena," akasema.

Ratna akasoma tena, polepole, neno kwa neno. Ukumbi ulipiga makofi mpaka mabati yakaitikia. Kijana akangoja yaishe, akavaa kofia yake, akaketi.

"Haya," akasema. "Endelea."